Upinde wa mkole, na vitabu vilivyonifundisha kuuchonga

Nina karakana ndogo Kariobangi Light Industries. Natengeneza vitanda, meza za kulia na siku hizi makabati ya jikoni, na kazi ya mbao nimeifanya miaka kumi na tisa. Upinde ni jambo jingine kabisa. Babu yangu mzaa baba, kule Mutomo, alikuwa mchongaji ambaye watu walimfuata kutoka mbali, lakini ujuzi wake aliwapa wanawe na wajukuu wa kiume. Mimi nilitumwa maji. Alipofariki nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilichobaki nacho ni picha ya mikono yake: anapitisha kisu juu ya mti taratibu, anasimama, anaupinda kidogo huku jicho moja amelifumba, anaendelea.

Kwa hiyo nimejifunza kwa vitabu. Miaka miwili sasa nimesoma kila nilichoweza kukipata hapa Nairobi, nimevunja pinde nne na kumaliza mbili, na nataka kumwambia anayetaka kuanza ni kipi akitafute kwanza. Neno langu nalisema mapema: usinunue kitabu kinachokupa vipimo. Nunua kinachokueleza kwa nini mti unavunjika.

Somo hilo nililipata kwa bega. Kitabu changu cha kwanza nilikiokota mjini, kwa wale wauzaji wanaotandaza vitabu chini mpaka uiname kuchagua. Nililipa shilingi 350. Jina lake sitalitaja. Kina michoro ya kuvutia na vipimo vimepangwa safi: urefu inchi 66, upana inchi moja na robo, unene kadha wa kadha. Hakuna mahali kinaposema vipimo hivyo ni vya mti gani. Nikachukua ubao wa saipresi uliokuwa umebaki karakanani, nikauchonga sawasawa na mchoro, nikautia kamba. Nilipouvuta mara ya tatu, mkono wa juu wa upinde ulikatika na kipande kikanirukia begani. Wiki nzima nilidhani kosa ni la mikono yangu. Baadaye ndipo nilipojua kwamba upana ule unafaa mti mzito na mgumu, kama ule wa Osage wa Marekani, na kwamba saipresi yangu nyepesi nilikuwa nimeitwika mzigo isioweza kuubeba. Tangu siku hiyo sivuti upinde mpya bila kuvaa miwani ya kazi.

Kilichonitoa gizani ni The Traditional Bowyer's Bible. Ni juzuu nne: ya kwanza ilitoka 1992, ya pili 1993, ya tatu 1994, na ya nne ikaja baada ya kimya kirefu, 2008. Kila sura ina mwandishi wake. Juzuu ya kwanza na ya pili aliniletea binamu yangu anayeishi Minneapolis, ndani ya sanduku lake la nguo, na zote mbili zilinigharimu kama shilingi 7,000. Kwa fundi wa vitanda hizo si pesa ndogo. Ningelipa tena leo.

Sura ya Tim Baker kuhusu umbo la upinde na utendaji wake, katika juzuu ya kwanza, nimeisoma mara tano na kila mara napata kitu. Anaanza na jambo ambalo hata fundi wa samani hajawahi kulazimika kulifikiria. Upinde ukivutwa, mgongo wake, yaani upande unaotazama shabaha, unavutwa kama kamba. Tumbo, upande unaomtazama mpigaji, linabanwa kama mtu anayekunja mkeka. Mti mmoja, kazi mbili zinazopingana. Nyuzi za mgongoni zikikatwa kwa kisu, upinde utapasukia hapo. Tumbo likielemewa, nyuzi zake zinajikunja na upinde unabaki umelegea hata ukiuvua kamba.

Kisha inakuja hesabu. Ukiongeza upana wa mkono wa upinde mara mbili, ugumu wake unaongezeka mara mbili. Ukiongeza unene mara mbili, ugumu unaongezeka mara nane. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini, nikaenda kuchukua vipande vya mbao nikajaribu mwenyewe kwenye ukingo wa meza ya kazi. Maana yake ni kwamba unene ukizidi kwa sehemu moja tu ya kumi, mahali hapo panakuwa pagumu zaidi kwa karibu theluthi nzima. Ndiyo sababu babu alikuwa anapitisha kisu mara mbili, anasimama, anatazama. Hakuwa mzee mwenye mwendo wa polepole. Alikuwa anajua kwamba unyoya mmoja wa mbao unabadilisha kila kitu.

Na ndiyo sababu mti mwepesi hutaka mikono mipana. Ukiupa upana, mzigo unagawanyika na unene unaweza kupungua. Hapo kitabu kinakuweka huru. Hukai tena ukilia kwamba Nairobi hakuna hikori wala mti wa yew, miti ya pinde ya ng'ambo. Unauchukua mti ulio nao, unaupima uzito wake, unajiuliza unahitaji upana gani.

Juzuu ya pili ina sura ya pinde za mbao za kununuliwa, na ningekuwa na pesa za juzuu moja pekee ningenunua hiyo. Mtu wa mjini hana msitu, ana yadi za mbao. Sura hiyo ilinifundisha kuusoma ubao. Mistari ya nyuzi iende kutoka ncha hadi ncha bila kutorokea pembeni, uso wa mbele na ubavuni pia. Nilikwenda Gikomba nikiwa na somo hilo kichwani, nikasimama kwenye yadi moja saa mbili nikigeuza mbao za mkaratusi moja baada ya nyingine. Kijana wa pale aliniuliza, "Mama, unatafuta mbao ama unatafuta pesa zilizopotea?" Nikamwonyesha mistari. Dakika chache baadaye alikuwa anageuza pamoja nami. Katika mbao kama sitini tulipata mbili zilizofaa. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nimenunua mbao kwa kuangalia kama zimenyooka na kama hazina vifundo, na nyuzi zenyewe sikuwahi kuzifuata kwa kidole.

Moja ya mbao hizo ndiyo ikawa upinde wangu wa kwanza kumalizika: inchi 66, upana inchi mbili kutoka juu ya kishikio hadi katikati ya mkono, kisha unachongoka kwenda nchani. Ni mzito mkononi na unapiga polepole kuliko ninavyotaka, lakini uko hai mpaka leo.

Kazi yenyewe ya kusawazisha mpindo ndiyo roho ya elimu hii, na juzuu hizi zinaieleza kwa subira ninayoiheshimu. Nilipigilia kigingi ukutani, nikafunga kapi chini, nikapitisha kamba ili niuvute upinde nikiwa nimesimama mbali, niuone wote. Nyuma yake nilichora mistari ya chaki. Unavuta kidogo, unatazama ni wapi panapinda sana na wapi pamekaza. Panapokaza unaweka alama ya penseli na kukwangua kidogo sana kwa kipande cha kioo. Panapopinda sana hupagusi. Kisha unavuta mara ishirini, thelathini, ili mti uonyeshe matokeo ya ulichofanya, kwa sababu hauonyeshi papo hapo. Na sheria kubwa: usiuvute kupita uzito unaoutaka, na ukiona kasoro usiendelee kuvuta hata kidogo mpaka uirekebishe. Mimi nilining'iniza mizani ya wanunuzi wa vyuma kuukuu, inayosoma kilo, nikajiwekea kilo 16. Pinde zangu mbili kati ya nne zilizovunjika zilivunjika kwa sababu niliona kasoro nikasema nivute mara moja tu.

Kuna methali tunayoisema kwa watoto, samaki mkunje angali mbichi. Katika pinde ni kinyume, na kitabu kinasisitiza. Mti ukiukunja mbichi unabaki umekunjika, unapoteza nguvu ya kurudi. Unaukata, unaziba ncha zote mbili kwa rangi au nta siku hiyohiyo ili usipasuke, unaupasua, unauacha kivulini. Mimi niliupima wangu kila Jumapili kwa mizani ya jikoni mpaka uzito ulipoacha kupungua. Ulichukua majuma kumi na moja.

Ubaya wa juzuu hizi nauona pia. Kiingereza chake ni cha Wamarekani wanaozungumzia miti ya nyumbani kwao kana kwamba kila msomaji ana mmoja uani. Picha ni nyeusi na nyeupe, na nyingine ni za giza, huoni nyuzi zinazosemwa. Waandishi wanapingana: huyu anausifu mti wa Osage na yew kuliko yote, yule anakuonyesha kwamba miti ya kawaida iliyoachiwa upana inapiga sawasawa nayo. Mara ya kwanza ubishi huo ulinichosha. Sasa naupenda, kwa sababu ni wazee wamekaa mezani kila mmoja na upinde wake mkononi, nami niko kwenye kona nasikiliza bila mtu wa kunituma maji.

Kitabu cha pili ninachokipendekeza ni cha bure. Hunting with the Bow and Arrow cha Saxton Pope kilitoka 1923, na haki zake zimekwisha, unakisoma kwenye intaneti bila kulipa. Nilichapisha sura nilizozitaka kwenye duka la mtandao karibu na nyumbani, Umoja. Pope alikuwa daktari San Francisco, na mgonjwa wake mmoja alikuwa Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Yahi, aliyejitokeza karibu na mji wa Oroville, California, mwaka 1911, baada ya watu wake wote kuuawa au kufa. Aliishi katika jumba la makumbusho mpaka alipofariki kwa kifua kikuu mwaka 1916. Katika miaka hiyo alimfundisha daktari wake kuchonga na kupiga.

Sura ya namna Ishi alivyotengeneza upinde na mishale yake ni fupi na nimeisoma kwa uchungu. Pope anaandika kile anachokiona mikono ya Ishi ikifanya, hatua kwa hatua. Mti wake ulikuwa mreteni wa milimani, ndugu wa mutarakwa wetu, huo tunaoukatia nguzo za ua. Urefu wa upinde aliupima kwa mwili, kutoka mkono ulionyooshwa kando hadi nyonga ya upande wa pili. Mgongo aliubandika kano za mnyama. Hesabu ya Tim Baker hutaipata hapa. Unachopata ni mtu mmoja anayejua na mwingine anayeandika haraka kabla hajaondoka. Nusu nyingine ya kitabu ni uwindaji wa dubu na simba wa milimani, niliiruka. Kenya tumepiga marufuku uwindaji tangu 1977, na mimi napiga magunia yaliyojazwa matambara kwenye ploti ya rafiki yangu Kamulu.

Sasa kitabu ambacho watu hawakitarajii katika orodha hii: Useful Trees and Shrubs for Kenya, kilichohaririwa na Patrick Maundu na Bo Tengnäs, 2005. Kilitolewa na kituo cha kilimo-misitu duniani, hapa hapa Gigiri. Si kitabu cha pinde. Ni kitabu cha miti yetu, kila mti na ukurasa wake, jina lake kwa Kikamba, Kikuyu, Kimaasai, Kiswahili na lugha nyingine, mahali unapoota, na matumizi yake. Na katika matumizi, baina ya kuni, matunda na dawa, unakuta neno dogo: pinde. Mishale. Mipini ya zana. Nilipitia kitabu kizima na kalamu nyekundu. Kilichokuwa kimenipotea tangu mazishi ya babu kilikuwa kimeandikwa na wataalamu waliowauliza wazee kama yeye.

Kwa njia hiyo nilirudi kwenye mkole, jamii ya Grewia, kichaka nilichokuwa nakula matunda yake madogo nikichunga mbuzi. Niliukata mmoja kwenye shamba letu la Mutomo mwezi wa Agosti, mnyoofu, unene wa kifundo cha mkono. Kitabu cha Marekani kilinipa sababu, cha Gigiri kikanipa mti, na vyote viwili vikakutana juu ya meza yangu ya kazi. Upinde wa mkole ni mwembamba kuliko wa mkaratusi, nusu ya uzito wake, na unapoachia kamba unatoa sauti fupi kavu.

Mishale imenivunja kiburi kuliko pinde, na hapo sura ya Jay Massey katika juzuu ya kwanza ni nzuri. Mshale haupiti moja kwa moja kando ya upinde, unajipinda kuuzunguka kisha unanyooka hewani. Ukiwa mgumu kupita kiasi kwa upinde wako unakwenda kushoto kwa mtu wa mkono wa kulia, ukiwa laini unakwenda kulia. Miezi mitatu nilikuwa nalaumu macho yangu. Nilikata machipukizi ya mkole, nikayafunga pamoja yakauke, nikayanyoosha moja moja juu ya makaa. Manyoya ni ya bata mzinga, kutoka kwa mama mmoja anayeuza kuku Burma, naye sasa ananiwekea. Lakini kitabu kinaonya jambo nililokuwa nimelikosea: manyoya yote matatu ya mshale mmoja yatoke bawa la upande mmoja, yote ya kulia au yote ya kushoto. Nilikuwa nimeyachanganya, na mishale ilikuwa inayumba kama mlevi. Upote, yaani kamba ya upinde, nausokota kwa uzi wa polista wa Biashara Street na nta ya nyuki kutoka nyumbani.

Viko vingine. Toxophilus cha Roger Ascham, cha 1545, kinatajwa kila mahali. Ni kitabu cha kupiga na cha kuusifu upinde, fundi hana haja nacho. The Elephant People cha Dennis Holman, 1967, kinahusu Wawaata wa nyika ya Tsavo, na niliposikia nilikitafuta kwa hamu kubwa, kwa sababu hakuna watu katika nchi hii waliovuta pinde nzito kama wao. Ni habari za uwindaji na za askari wa wanyama waliowafuata. Namna ya kuchonga pinde zile, ambayo ndiyo ningelipa chochote niijue, hutafundishwa humo. Hili linaniuma. Tuna vitabu vinene vya upinde wa Mwingereza, lakini cha Kiswahili cha kuchonga uta wa Mwaata au wa Mkamba sijapata hata kimoja cha kukuelekeza.

Krismasi iliyopita nilipanda basi kwenda Mutomo na upinde wa mkole umefungwa kwenye kanga. Baba mdogo, aliyefundishwa na babu, ana miaka sabini na minne. Aliupokea kwa mikono miwili, akaufumbia jicho moja, akauvuta kidogo, akauachia taratibu. "Nani amekuonyesha?" Nikamwambia vitabu. Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema mkono wa chini umelala, haufanyi kazi, akaomba kisu. Alikwangua mahali pamoja tu, shibiri moja kutoka kishikio, mara sita. Mahali hapo mimi nilikuwa nimepaweka alama ya penseli nikaogopa kupagusa.

Jioni nilimsomea zile kurasa za Ishi, nikizifasiri sentensi baada ya sentensi. Nilipofika kwenye kipimo cha mkono hadi nyonga aliniambia nisimame hapo. Akainuka, akanyoosha mkono wake wa kushoto, akashika nyonga ya kulia, akatikisa kichwa. "Huyo alikuwa na upinde mfupi," akasema. "Baba alikuwa anausimamisha chini mbele ya mwenye kuununua, unafika kwenye nyusi zake. Mtu mfupi, upinde mfupi. Mtu mrefu, mrefu." Nilimwomba arudie, nikakiandika pembeni mwa ukurasa kwa penseli.